Majina Niliyowaambia Wayaruke

Chuo kimeniaga kwa blanketi zito, sahani ya pilau na hotuba nne. Hotuba zote nne zilijengwa juu ya mstari mmoja wa Yeremia sura ya ishirini na tisa, ule unaozungumzia mawazo ya amani na tumaini la siku zijazo. Niliufundisha mstari huo miaka ishirini na minane. Kila mwaka niliwaambia wanafunzi kwamba waliouandikiwa walikuwa watu waliohamishwa Babeli kwa nguvu, na kwamba barua hiyohiyo inawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko ugenini, kwa maana hawatoki kabla ya miaka sabini. Mimi nimestaafu nikiwa na sitini na mitano. Kwa ahadi hiyo waliyonipa, tumaini langu litafika nikiwa nimeshasahauliwa hata na wajukuu. Lakini nilipiga makofi, nikala pilau, nikakunja blanketi langu.

Ninyi wawili mtakaogawana darasa langu la vitabu vya mwisho vya Agano la Kale mmeniomba notisi. Notisi ziko kwenye kabati la kijani na ufunguo anao katibu, ambaye hupotea kila siku saa nne kwenda kunywa chai. Hapa nawaandikia yale ambayo hayamo kwenye kabati. Kuhusu vyeo na mishahara sina la kusema, na mkishakaa mwaka mmoja mtaelewa kwa nini.

Siku yangu ya kwanza nilifika Ruiru na begi lenye vitabu kumi na viwili na kiburi cha kutosha kujaza begi la pili. Nilikuwa nimefundisha somo la dini katika sekondari moja ya Thika kwa muda mrefu, nikadhani wachungaji watakuwa rahisi kuliko watoto wa kidato cha pili. Nilikosea. Mtoto wa kidato cha pili angalau anajua kwamba hajui. Mchungaji amehubiri Zekaria mara sita kabla hajaisoma mara moja.

Chuo kilikuwa palepale kilipo leo, ghorofa ya pili, juu ya duka la vyuma. Ukitaka kusema jambo zito kuhusu utukufu wa Bwana kuliacha hekalu, subiri kwanza fundi wa chini amalize kukata bomba. Darasa hilo wakati huo lilikuwa la Mwalimu Kariuki, mzee mfupi aliyevaa sweta la kijivu lililoisha viwiko. Aliniambia nikae nyuma nitazame. Kisha akatoa Biblia yake mwenyewe, ya zamani, akailaza mezani, akachukua kisu cha kukatia zulia alichokuwa amekinunua hapo chini, akaipasua mgongo kuanzia juu hadi chini.

Mwanafunzi mmoja kutoka Ngoliba alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Mwalimu, hapana! Hiyo ni laana!"

"Keti," Kariuki akamwambia. "Nimekata gundi. Neno halijaumia."

Yule mwanafunzi hakuketi. Alichukua koti lake akaondoka, na siku hizi nasikia ni askofu, ana kanisa lenye skrini mbili kubwa. Kariuki aliendelea kuchambua karatasi. Alizipanga mezani mafungu matatu: Sheria, Manabii, Maandiko. Akasema hivi ndivyo Wayahudi wenyewe wanavyozipanga, na kwamba sisi tumezoea mpango mwingine tukadhani ulishuka mbinguni ukiwa umejalidiwa. Danieli, ambaye sisi tunamweka pamoja na manabii, alimtoa akamsogeza kwenye Maandiko. Ruthu akamtoa baada ya Waamuzi akamleta karibu na Esta. Mambo ya Nyakati akayaweka mwisho kabisa. Halafu akazishona zote upya kwa sindano ya gunia na uzi ule wa kufungia magunia ya kahawa, palepale mbele ya darasa, na akatumia kipindi kizima kufanya hivyo.

Kila mwaka nilifanya kama yeye. Kateni Biblia zenu, msikate za chuo. Kuna faida moja tu, nayo ni kubwa: mtu akishaona kurasa zimelegea mezani, anaanza kuuliza kwa nini hii imekaa karibu na ile. Kabla ya hapo haulizi kitu. Anasubiri aambiwe mstari wa kupigia mstari.

Kariuki alinifundisha pia maswali mawili ya kuuliza mbele ya kila ukurasa wa vitabu hivi. La kwanza ni hili: mfalme ni nani? Ukiona tarehe inahesabiwa kwa mfalme wa Uajemi, jua umefika zama za mwisho za Agano la Kale. Ufalme wa Daudi umekwisha, na watu wa Mungu wanaomba ruhusa kwa afisa wa mbali kabla ya kuinua jiwe. La pili ni hili: nani amerudi, na amemkuta nani? Watu waliorudi kutoka Babeli walikuta mji wa magofu na mashamba yenye watu wengine ndani, na kila upande ulikuwa na hadithi yake. Hapa kwetu swali hilo halihitaji maelezo. Nikiliuliza Thika au Ruiru, wanafunzi wanaanza kutazamana.

Mkiyashika maswali hayo mawili, Hagai anafunguka, Zekaria anafunguka kidogo, Malaki, Ezra na Nehemia wanakaa vizuri. Msipoyashika mtapata yale niliyosahihisha kwa miaka ishirini na minane.

Nilisahihisha insha zilizomwona Hagai kama mwenyekiti wa kamati ya mabati. Nilisahihisha Nehemia kama mkandarasi. Kila mwaka wa uchaguzi nilisahihisha beberu wa maono ya Danieli, ambaye pembe yake ni mfalme, na kila uchaguzi pembe hiyo ilikuwa na mwenyewe mpya. Mwanafunzi mmoja alinitajia mgombea kabisa, na chama chake. Nikamwandikia pembeni, "Na huyu akishindwa?" Alishindwa. Mwaka uliofuata kijana huyo alirudia somo akiwa na jina la mgombea mwingine, na uso mkavu kabisa.

Esta amegeuzwa semina za akina mama, somo likiwa ni mafuta ya uso. Nimealikwa kwenye semina saba za namna hiyo, Makongeni peke yake mara tatu. Hakuna hata moja ambapo mnenaji alikumbuka kusema kwamba wale wasichana walikusanywa kwa amri ya mfalme, hawakujipeleka, na kwamba Mungu hatajwi hata mara moja katika kitabu kizima cha Kiebrania. Niliposema hivyo kwenye ile ya saba sikualikwa tena, jambo ambalo lilinipa Jumamosi nyingi za kufua.

Mambo ya Nyakati, kitabu kinachofunga Biblia nzima ya Kiebrania, wanakijua kwa mtu mmoja: Yabesi. Sura tisa za mwanzo ni majina, baba kwa mwana, na katikati ya msitu huo wamechungulia wakamwona mtu mmoja aliyeomba apanuliwe mipaka. Amewatosha. Ameandikwa kwenye bucha, kwenye saluni na kwenye shule ya chekechea. Wengine wote waliomzunguka hawana kazi.

Halafu zikaja simu. Zamani mwanafunzi alilazimika kufunua kurasa, na njiani jicho lilinasa kitu asichokitafuta. Sasa anaandika neno "ushindi" kwenye simu, analetewa mistari arobaini, anachagua mitatu mitamu, anashuka ngazi. Kwa sababu hiyo nilitunga sheria yangu moja, nikaiandika juu ya ubao kwa chaki ya njano kila mwanzo wa muhula: Usihubiri mstari. Hubiri sura nzima. Niliipenda sana sheria hiyo. Niliwadharau wote walioivunja, na niliwaambia hivyo usoni.

Sasa nifike kwa Mburu.

Mburu alikuwa mwanafunzi ambaye kila mwalimu humwomba Mungu ampe. Siku za wiki aliuza sare za shule katika duka dogo Kiganjo, palepale Thika, na Jumapili alichunga kanisa la mabati mtaa huohuo. Hakuchelewa kipindi hata siku moja. Hakutumia simu darasani. Kariuki alikuwa amekwisha kustaafu, yuko Ngoliba na mbuzi wake, la sivyo ningemwita aje amtazame huyu kijana kama mtu anavyoita jirani atazame ng'ombe mpya.

Nikawapa kazi ya kuandika juu ya Ezra sura ya tisa na ya kumi. Ni sura ngumu. Waliorudi kutoka uhamishoni wanagundua kwamba wanaume wengi wameoa wanawake wa mataifa mengine. Ezra anararua nguo zake, watu wanakusanyika uwanjani wakitetemeka kwa hofu na kwa mvua, na inaamuliwa wanawake hao waachwe, pamoja na waliozaliwa nao. Mburu aliandika kurasa kumi na moja. Alieleza mfalme ni nani. Alieleza nani amerudi na amemkuta nani. Hakukwepa hata sentensi moja iliyouma. Nikampa sabini na nane kwa mia, alama ambayo sikuwa nimempa mtu, na chini yake nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Hatimaye, mtu aliyesoma sura nzima!"

Miezi minne baadaye, nikiwa nimebakiza muhula mmoja kustaafu, mwanamke alipanda ngazi za chuo akiwa bado na koti lake la kazi la kiwandani. Alisimama mlangoni kwangu akaangalia jina lililobandikwa, akaniangalia mimi.

"Ni wewe Madam wa Ezra?"

Nikamwambia ndiye mimi. Akaketi bila kuambiwa. Alikuwa anaitwa Nafula, mzaliwa wa Bungoma. Alikuja Thika kutafuta kazi ya kiwanda, akaolewa na fundi wa mashine wa palepale kazini, Njoroge, mtu wa Kiganjo. Ndoa yao ilikuwa ya kimila. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakakubaliana, wakala, ila kanisani haikuwahi kufika. Wamezaa watoto wawili. Alitoa karatasi kwenye mfuko, akazifungua juu ya meza yangu. Ilikuwa nakala ya insha ya Mburu, na mwandiko wangu chini yake umetoka mweusi kwa sababu mashine ya kunakili haijui nyekundu.

"Pasta alisomea kanisa yote hii," akasema. "Akasema hata college wamepitisha."

Akanieleza taratibu, kama mtu aliyechoka kulieleza jambo. Nafula hakuacha kanisa la mama yake, lile la kanzu nyeupe na ngoma, lenye tawi Makongeni. Jumapili mbili kwa mwezi alikwenda huko. Mburu alitangaza mfungo wa siku saba, na siku ya nane akafundisha kwamba mke wa madhabahu nyingine ni mke mgeni, na kwamba nyumba yenye ndoa kama hiyo, tena isiyofungwa mbele ya mchungaji, ijitakase. Kuna nyumba mbili zilizoguswa. Ya kwanza walihama kanisa wakamalizana nalo. Ya pili ilikuwa yake. Mama mkwe wake, kiongozi wa akina mama hapo kanisani, aliunga mkono. Njoroge alilia, Nafula akasema, lakini alilia akiwa anabeba masanduku. Sasa yeye na watoto walikuwa katika chumba kimoja Makongeni, akanielekeza kilipo.

Nilianza kueleza. Ndiyo kazi yangu. Nikamweleza habari za jamii ndogo iliyoogopa kumezwa chini ya utawala wa Uajemi, nikamweleza kwamba sheria ile ilikuwa ya watu wale na wakati ule, kwamba Malaki anawashutumu wanaume wanaowatenda kwa hiana wake wa ujana wao, kwamba Ruthu alikuwa Mmoabu na Daudi ni wa uzao wake. Nilieleza vizuri. Fundi wa chini hata hakukata bomba.

Nafula alisubiri nimalize.

"Sijauliza hiyo, Madam. Mimi si msomi, lakini nilienda nikasoma hiyo chapter mimi mwenyewe. Nikasoma na ile list ya majina, yote. Mpaka mwisho. Sasa pale mwisho kabisa wanasema wengine wao walikuwa wamezaa watoto na hao wamama. Halafu inaisha. Hao watoto walienda wapi?"

Nilivuta Biblia nikafunua, kwa sababu sikukumbuka kwamba sura ile inaisha hivyo. Na sababu ya kutokumbuka nawaambia ninyi wawili sasa, kwa maana haimo kwenye kabati la kijani.

Kariuki alikuwa akiyasoma majina ya Ezra kumi yote kwa sauti, zaidi ya mia moja, wanaume walioacha wake, mmoja baada ya mwingine, darasa likisinzia. Nilidhani ni uzee. Alipostaafu, na ofisi ikapunguza kipindi kutoka urefu wa saa tatu hadi saa mbili, kitu cha kwanza nilichokitupa kilikuwa majina. Niliwaambia wanafunzi, mwaka baada ya mwaka: "Ishieni mstari wa kumi na saba. Kuanzia hapo ni majina tu, yarukeni." Na mstari wa mwisho wa kitabu kizima, ule wa watoto, umekaa nyuma ya majina hayo. Ukiyaruka majina unauruka na wenyewe. Mimi niliyewacheka watu wa Yabesi miaka ishirini na minane kwa kuchungulia katikati ya majina, nilikuwa nimeyafungia mlango kabisa. Mburu hakusoma sura nzima. Alisoma nilipomwambia aishie, nami nikamsifu kwa kalamu nyekundu, na mwanamke akatolewa nyumbani kwake.

"Sijui walienda wapi," nikamwambia Nafula. "Kitabu hakisemi."

"Basi," akasema. Akakunja karatasi zake, akashuka.

Sikulala vizuri wiki hiyo, na nilistahili. Siku ya Alhamisi nilikwenda Kiganjo kwenye duka la sare. Mburu alinipokea kwa furaha, akanifutia kiti, akaagiza soda. Nilimwambia nilichokuja kumwambia. Alinisikiliza huku akikunja sweta za shule, akizipanga kwa saizi.

"Madam, mimi sikuchagua verse," akasema. "Si wewe ndio ulitufunza hivyo? Nilichukua chapter mzima, hata kama ilikuwa inauma. Unafikiri ilikuwa rahisi? Njoroge ni rafiki yangu."

"Hukuchukua nzima. Nilikwambia uruke mwisho."

"Sasa mwisho si ni majina tu?"

Hakuwa ananikejeli. Hilo ndilo lililonichoma. Nimewadharau wanafunzi wengi kwa uvivu na ujanja, lakini huyu alikuwa mtiifu, na utii wake ulitoka kwangu. Nikamwomba nafasi ya kusema kanisani. Akasita, kisha akasema, "Jumapili utasalimia, Madam. Kusalimia tu. Dakika tano."

Mnajua kusalimia. Mgeni anaitwa mbele awasalimu watu katika jina la Yesu, na hakuna mgeni katika kaunti hii ambaye amewahi kusalimia kwa dakika tano. Nimekaa kwenye viti vya plastiki nikidharau salamu za saa nzima. Jumapili hiyo nilikwenda kuharibu ibada kwa kutumia desturi hiyohiyo.

Kanisa lilikuwa limejaa. Njoroge alikaa karibu na vyombo vya muziki, mtu mkubwa mwenye mabega yaliyoinama. Mama yake alikaa mbele katika sare ya akina mama, kitambaa cheupe kichwani. Nikashika maikrofoni, nikasema mimi ndiye niliyemfundisha mchungaji wao Ezra, na kwamba nilimfundisha vibaya. Nikasema nitasoma sehemu niliyomwambia airuke. Nikaanza mstari wa kumi na nane.

"Maaseya," nikasoma.

"Amina!" wakaitikia, kwa mazoea.

"Eliezeri."

"Amina!"

Waliitikia Amina majina kama kumi. Kisha nikaona wanatazamana. Hawa ni nani tunaowaitikia? Nikawaambia: ni wanaume waliotoa wake zao, na kila mmoja ameandikwa jina. Nikaendelea. Amina zikapungua, zikawa mbili tatu za wazee wasiosikia vizuri, zikaisha. Ulimi wangu uligongana na majina yale, kwa maana sikuwa nimeyatamka miaka mingi. Nilisikia viti vikilia. Mtoto mmoja alitolewa nje. Mburu alitazama saa, akaacha kuitazama. Nilisoma wote, ukoo kwa ukoo, hata wa Bani ambao hawaishi, hata wa Nebo. Kisha nikasoma mstari wa mwisho, kwamba hao wote walikuwa wameoa wanawake wageni, na baadhi yao walikuwa na wake waliowazalia watoto.

Nikafunga Biblia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumalizia, na yote yakanitoka kichwani. Nikasema tu lile lililokuwa likinirudia tangu Nafula aondoke.

"Wanaume wameandikwa wote. Watoto hawakuandikwa hata mmoja. Sijui walikuwa wanaitwa nani."

Mburu alisogea achukue maikrofoni. Hapo mama yake Njoroge akasimama, akishika kiti cha mbele yake.

"Mmoja anaitwa Wambui," akasema.

"Mama, ukae kwanza," Mburu akamwambia kwa upole.

"Wacha, Pasta. Mmoja anaitwa Wambui. Ni mimi huyo."

Kwa Mkikuyu yeyote aliyekuwa mle ndani hakukuwa na la kueleza, lakini mmoja wenu ametoka Kakamega, kwa hivyo naeleza. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Wala si kwa ukumbusho. Nyanya akimwona mtoto huyo anajiona yeye mwenyewe amezaliwa tena, na kila mtu nyumbani humhesabu hivyo. Nafula, mgeni, mke wa madhabahu nyingine, alikuwa ameishika desturi hiyo bila kusukumwa na mtu. Mama yule alikuwa ameishi miezi hiyo yote akijua hilo na akikataa kulitamka, mpaka aliposikia majina yanasomwa na lake halimo.

Alichukua mkoba wake chini ya kiti. Akaja mpaka mbele, akanitazama kwa karibu, na hakukuwa na shukrani yoyote usoni mwake.

"Mwalimu, unajua kwao huko Makongeni?"

"Najua."

"Basi nipeleke."

Tulitoka katikati ya ibada. Nyuma yetu nilisikia kiti kingine kikisogezwa na nikajua ni Njoroge, sikugeuka. Tulitembea kwenye jua, mama akiwa mbele kwa hatua fupi za haraka, nami nikimwelekeza kona kwa mkono. Mimi ninayeweza kuzungumza saa mbili juu ya Waajemi sikupata hata la kumwambia kuhusu jua.

Nafula alikuwa nje ya mlango akifua. Alimwona mama mkwe wake, akamwona mumewe amesimama mbali kidogo, akajifuta povu mikononi taratibu na kusimama katikati ya mlango, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Nyuma yake ndani nilisikia watoto wakicheza.

"Mama," akasema, "kama umekuja kuchukua watoto, hawaendi."

"Sijakuja kuchukua mtu," yule mama akajibu. Alikuwa anahema. Alivua kitambaa cheupe kichwani, akabaki amekishika. "Siku ile Wambui alipofukuzwa nami nilifukuzwa, tukaenda pamoja. Nimekuja kuomba nirudishwe."

Nafula akautoa mguu wake mlangoni, akampisha.